Nyumba Arobaini na Tatu, Mistari Miwili

Jumatatu, 2 Septemba 1957

Bwana Shauri wa wilaya amekuja leo na karani wake. Jumbe mpya wa kijiji atachaguliwa Jumanne ya wiki ijayo, pale kiwanjani. Hakuna karatasi. Wanaoutaka ujumbe watasimama mbele, na kila nyumba itoe mtu mmoja akasimame nyuma ya amtakaye. Mstari mrefu ndio jumbe. Basi — mchana kweupe, watu wote wanakuona.

Wazee wakasema mwanamke hapangi mstari. Karani akauliza: mwenye nyumba ni nani? Wakanitazama mie. Nyumba nimeijenga mwenyewe kwa cherehani yangu, na bati juu. Miaka kumi na mmoja niko hapa na bado ni "yule Mhaya", halafu wanacheka pembeni. Leo nimekuwa mwenye nyumba. Ningefurahi, lakini sasa lazima nisimame mbele ya watu.

Wanaosimama ni wawili. Jamali, mpwa wa marehemu jumbe. Na Marselino mwashi, mtu wa kusini, mgeni kama mie.

Jumanne, 3 Septemba

Shida yangu ni minazi. Huku mgeni unaruhusiwa kulima muhogo, kupanda mnazi hapana. Ukipanda mnazi umeshasema ardhi ni yako. Marehemu jumbe aliniruhusu kwa mdomo, nikapanda minane. Shahidi ni yeye mwenyewe, naye yuko kaburini.

Jamali kapita jioni kuchukua kanzu yake. Akaizunguka minazi, taratibu, kama anayechagua mbuzi.

"Imeshika, mama Wilbert. Mjomba alikuwa na huruma sana." Kisha: "Jumanne usisimame mbali. Nataka nikuone vizuri."

Akacheka. Nami nikacheka, pini mdomoni.

Marselino anasema akipata yeye, kila mtu atabaki na alichokipanda. Namwamini. Ila kuamini si hesabu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekaa nikahesabu. Nyumba arobaini na tatu. Wote nawashonea, na mtu akipimwa bega huongea.

Wengine hudhani dini ndiyo itagawa. Siyo. Waislamu wa kusini wako na Marselino, naye ni Mkristo. Kinachogawa ni mnazi: mwenye haki ya kupanda, na asiye nayo. Wenyeji ishirini na nne, Jamali. Wageni kumi na wanane bila mie, Marselino.

Nikisimama kwa Marselino, kumi na tisa. Anashindwa vilevile, nami nimekwisha — shamba, nyumba, vyote. Wilbert mwanangu yuko Keko, mjini, anajifunza useremala, hana pengine pa kurudi ila hapa. Nikisimama kwa Jamali, nitamtazamaje Tekla? Ndiye jirani aliyenipokea, tunachota maji pamoja. Mumewe wa kusini, yuko na Marselino tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo, homa. Mgonjwa hasimami popote.

Kosa langu, nimemwambia Tekla. Si habari ya homa, ile hesabu. Akasema, "Shoga, wewe na namba zako, utadhani ulizaliwa dukani." Akaenda kisimani.

Jumamosi, 7 Septemba

Hesabu imefika kila mlango. Jamali anatamba dukani: ishirini na nne, hata Mhaya kasema. Hana haja ya kwenda kumbembeleza mtu.

Tekla kanuna. "Umempa ujumbe kabla ya siku."

Vijana wa kusini wamenipita leo bila shikamoo. Haijawahi kutokea.

Nimeanza kukohoa mbele za watu, ili homa isije ghafla.

Jumanne, 10 Septemba

Nimejifunika tangu asubuhi. Makelele ya kiwanjani nayasikia, mara yakazima.

Saa sita Tekla kaingia bila hodi. Ishirini na moja kwa ishirini na moja.

Nikasema haiwezekani.

Inawezekana. Bi Mwanakombo — mwenyeji, mjane, dada wa baba yake Jamali — alimngoja Jamali wiki nzima aje kumwomba. Hakuja. Leo akatoka na wadogo zake wawili, wenye nyumba zao, wakaenda kusimama nyuma ya Marselino.

Jamali kamwambia mbele ya watu, "Shangazi, unaniaibisha."

"Umejiaibisha mwenyewe, mwanangu. Hata hodi hukupiga. Ulishanihesabu."

Wamecheka hadi karani. Halafu Bwana Shauri akauliza nyumba ziko ngapi. Arobaini na tatu. Waliosimama arobaini na wawili. Nani hayupo? Tekla anasema watu wote waligeuka kutazama bati langu.

Bwana Shauri anarudi kesho asubuhi. Nisipoweza kutembea, wagombea watasimamishwa hapa hapa mlangoni pangu, nami nionyeshe kidole.

Sasa ni alasiri. Mke wa Marselino kaleta uji. Kaweka bakuli, kanishika paji la uso, na paji ni baridi kama mtungi. Kanitazama, kisha kanifunika vizuri shuka na kuondoka. Sijui atasema nini huko.

Nyuma yake kaja Jamali na mkeka. Simwoni, namsikia barazani.

"Mgonjwa haachwi peke yake, mama Wilbert. Nitalala hapa. Asubuhi nitakushika mkono mwenyewe mpaka kiwanjani."

Nimemjibu ahsante. Nifanyeje?

Tekla hajaondoka. Kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Ananingoja nimalize kuandika.