Nguo ya Mama ya Kwendea Entebbe

Nshamba, Ihangiro,
kwa Posta ya Bukoba,
Tanganyika.
8 Novemba, 1954

Mpendwa ndugu yangu Nathanael,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Penina mkeo hajambo? Watoto wako, Elieza na Kemilembe mdogo, hawajambo? Kile kifua cha Elieza kimepona, au bado anakohoa? Nauliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, kwamba barua haianzi kwa kelele. Basi nimekwisha uliza. Utanijibu ukipata nafasi, maana nimesikia kwamba nafasi kwako imekuwa kitu adimu sana.

Sisi huku ni wazima. Mume wangu Mushumbusi mzima, watoto wangu wazima, na Mama naye mzima. Rudia kusoma hapo, Nathanael. Mama hajafa. Hajaugua hata mafua. Ninapoandika amekaa hapa mlangoni kwangu, ananyonyoa mbawa za senene anaokukaushia wewe, na ameniuliza mara mbili mbona leo naikandamiza kalamu hivi, karatasi imenikosea nini.

Nimekuandikia kwa Kiswahili cha shule wala si kwa Kihaya chetu, na nimefanya makusudi. Unajua Mama hupenda kusomewa barua kabla haijafungwa, na Kiswahili chake hakivuki jambo na karibu. Akitaka kusikia, nitajifanya namfasiria, kumbe natunga yangu. Hapo ndipo uliponifikisha, mimi mke wa mzee wa kanisa.

Nianze mwanzo, usije ukasema dada kachanganyikiwa. Wazo la safari hii lilikuwa lako. Ni wewe uliyeandika wakati wa Pasaka kwamba Wazungu wa ofisini kwako kila Desemba huchukua wake zao na watoto, wakaenda kulala katika mahema ufukoni na kupika nje, na wanarudi wamenona. Ukasema na sisi tunaweza, tena kwa gharama ndogo. Kwamba tupande meli Bukoba, daraja la tatu, tukae sitahani na mikungu yetu ya ndizi. Kwamba kuna mchungaji unayemfahamu karibu na Entebbe ambaye ametoa uwanja wake pale ziwani bure. Nyumba ya wageni ya nini, ukaandika, na nyasi zipo?

Waitu, tulicheka siku hiyo! Mushumbusi alisema alikwisha lala katika mahema ya Kiingereza huko Burma miaka miwili, na hakuona mtu yeyote aliyenona. Nani anaacha nyumba nzuri yenye mlango akavuka ziwa kwenda nchi ya watu kulala chini? Lakini Mama hakucheka. Alinitazama akauliza, "Meli inaondoka lini?" Miaka tisa hajakuona, na hao wajukuu anawajua kwa picha moja tu ambayo ameishika mpaka sura zimeanza kufutika. Basi tukaacha kucheka tukaanza kujitayarisha.

Na tulijitayarisha, ndugu yangu. Mushumbusi alinunua hema kuukuu kwa askari mwenzake wa zamani, akalitia viraka jioni baada ya jioni kwa sindano ya kushonea magunia. Tulikwenda sote kuchanjwa ndui ili tusizuiwe bandarini. Mimi nilianika ndizi, nikakaanga maharage, nikatengeneza kahawa ya kutafuna ili Mama asikose kitu cha kuweka mdomoni njiani. Mama mwenyewe alisikia kwamba meli ina ngazi. Akaanza kupanda na kushuka ngazi yetu ya darini kila asubuhi, mwanamke wa umri ule, huku anahesabu hatua kwa sauti. Nilimkataza. Akaniambia hataki mkwe wake Penina amwone anavutwa kama mbuzi.

Halafu ukaleta agizo: jaribuni hilo hema kwanza nyumbani, msije mkaniaibisha mbele ya mchungaji. Vema. Jumamosi ya tarehe kumi na sita Oktoba tukalisimamisha uwanjani mbele ya nyumba ya Mama. Tulikata nyasi mbichi tukatandika ndani na nje. Mushumbusi akawasha moto, akakaa kando yake. Mama akasema atalala humo humo ili azoee, akafunga mlango wa nyumba yake akaingia hemani na blanketi.

Sasa wewe ni Mhaya, hata kama umesahau. Niambie: kwetu watu wanalala nje juu ya nyasi mbichi, moto unawaka uwanjani, na mlango wa mzee umefungwa, wakati gani? Hatukufikiri! Watu wazima wote sisi, hakuna hata mmoja aliyefikiri. Asubuhi jirani yetu Theopista akaja kuomba kaa la moto. Akaona nyasi, akaona kibanda, akamwona Mushumbusi amejiinamia kwa usingizi pale motoni. Akaweka mikono kichwani na kupiga yowe moja ambalo nadhani lilisikika mpaka Muleba.

Jua halijapanda, uwanja ukajaa. Wanawake wanalia, wanaume wamebeba kuni, mikungu ya ndizi inashushwa mmoja baada ya mwingine, na mimi nazunguka nikipaza sauti kwamba hakuna msiba, hakuna msiba, wala hakuna anayenisikia. Ndipo Mama akatoka hemani kwa magoti, nywele zimejaa nyasi, akauliza, "Jamani, nani amekufa?" Loo! Nusu ya watu walikimbia. Mzee mmoja aliacha fimbo yake na mpaka leo hajaja kuichukua. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ndizi za msiba tulizipika tukala wote pamoja, Mama akiwa wa kwanza kupakuliwa.

Ningekuandikia kisa hicho ucheke na wewe. Nilikuwa nimekwisha kununua bahasha. Sikujua kwamba Uledi, yule mwuza dagaa, alipita barabarani na baiskeli yake wakati kilio kimepamba moto, akauliza nani, akaambiwa ni mama yake Nathanael. Hakusimama, maana alikuwa anawahi meli. Alipofika Kampala akakutafuta akakupa habari. Simlaumu Uledi. Alisema alichosikia, tena kwa nia njema.

Ninayemlaumu ni wewe.

Alhamisi iliyopita nilipanda lori mpaka Bukoba kuulizia habari za meli, nikapitia posta. Nikapewa kifurushi na barua yako. Barua hiyo ninayo hapa chini ya daftari na nitainakili, ili usije ukasema sikuielewa. Umeandika: "Dada, nimepokea habari za Mama kwa uchungu mkubwa. Ofisini wamesema siku nitakazochukua kwa maziko zitakatwa katika likizo yangu ya Desemba, na watoto wamekwisha ahidiwa hema. Zikeni tu, msiningoje. Sanda naituma. Mengine tutazungumza tukikutana Entebbe."

Zikeni tu. Nathanael, ulipoandika maneno hayo ulikuwa na akili zako timamu? Nilisoma nimesimama pale nje ya posta, watu wanapita, nikakaa ukingoni mwa mtaro kama mlevi. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Bakoba nisiyemjua aliniletea maji. Akaniuliza kama nimefiwa.

Ulikuwa na siku kumi na nne mkononi. Ulizipata kwa kwenda kulala katika nyasi na kuchoma samaki. Kwa kumzika mama aliyekuzaa hukuweza kutoa hata nne! Na wewe ndiye mtoto wa kiume pekee. Ukoo ungekaa pale uwanjani, wazee wangeuliza mrithi yuko wapi aje atupe udongo wa kwanza, nami ningewajibu nini? Kwamba yuko Kampala anafunga mizigo ya kwenda kustarehe? Ningeficha wapi uso wangu? Na hiyo sanda imefika siku kumi na nane baada ya huo msiba. Ulidhani tutamlaza Mama chini ya migomba tukingoja kifurushi? Hapana, hukudhani lolote. Ulinunua kitambaa, ukajiona umemaliza kazi.

Usiniambie habari za watoto. Watoto wangeelewa. Mtoto ukimwambia bibi amekufa, analia, kisha anakushika mkono mnakwenda. Ni wewe uliyetaka hema.

Nimelia kwa hasira siku nne. Namwaga chumvi badala ya kuitia chunguni, nawakaripia watu wasio na kosa. Mushumbusi, ambaye unajua hasemi maneno mengi, alisoma barua yako, akaikunja, akasema kwamba hema atalitoa liwe turubai la kuanikia kahawa na mambo ya Entebbe yaishe. Nami nilikubali. Nilikuwa tayari kukuandikia mstari mmoja tu kwamba hatuji na tusijuane tena.

Sasa sikiliza kwa nini hatukufanya hivyo. Jioni ile niliporudi kutoka Bukoba nilifungua kifurushi chako juu ya meza. Marikani nyeupe, safi, ya bei kubwa, hilo nalikiri. Nilikuwa bado nimeishika mikononi Mama alipoingia bila kubisha, kama kawaida yake. Akaangalia kitambaa, akaangalia karatasi ya Kampala. Akaniuliza, "Kimetoka kwa nani?"

Ningesema nini? Wewe mwenye elimu kunizidi, ungesema nini? Nilijibu kwamba mwanao amekutumia nguo ya safari.

Mama alipiga vigelegele, Nathanael. Alikichukua akakijaribisha begani, akakinusa, akatoka nacho mbio kwenda kwa Theopista kumwonyesha. Kesho yake akakipeleka mwenyewe kwa fundi wa hapa Nshamba, akamwagiza gauni refu na kitambaa cha kichwa cha rangi ileile. Jana alilivaa kanisani. Wanawake wote walimzunguka wakilishika, na yeye akawa anawaambia, ni mwanangu, ni mwanangu wa Kampala. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nasali. Kama ungekuwa karibu ningekuzaba kibao mbele ya mchungaji, na umri wako huo.

Kwa hiyo tunakuja. Si kwa ajili yako. Meli inatoka Bukoba Jumanne tarehe kumi na nne Desemba, nasi tutakuwa sitahani na hema letu na ndizi zetu, kama ulivyopanga. Uwe bandarini Port Bell wewe mwenyewe. Usimtume Penina, usimtume mtumishi wa ofisi, wala usiniambie habari za ruhusa, nisije nikapanda mpaka kwa huyo mkubwa wako kumwomba mimi.

Mama atashuka ngazi peke yake, maana amejizoeza. Utamjua kwa nguo nyeupe. Atakushukuru mbele za watu, kwa sauti, unamjua. Na wewe utamkaribisha kwa nyegera yetu ya Kihaya, utamkumbatia, utasema imekupendeza. Basi. Usipige magoti, usilie kilio cha kumshangaza, wala usithubutu kumwungamia ili moyo wako wewe upumue. Mzigo huo ni wako, ubebe mwenyewe. Mimi nimekwisha beba wangu wa uongo.

Na jambo la mwisho. Hema letu lina nafasi ya watu wawili. Mushumbusi na mimi tutalala na watoto wetu chini ya turubai. Katika hema atalala Mama na utalala wewe, usiku wote wa hiyo likizo yako. Huyo Kemilembe mdogo akitaka kujibana katikati, mwacheni. Mama anakoroma siku hizi. Ukimsikia anakoroma, sikiliza vizuri.

Nilikubeba mgongoni ulipokuwa na surua, kutoka hapa mpaka zahanati, na mvua inanyesha. Sijasahau uzito wako. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Mtu baki angefanya ulilofanya ningesonya tu nikaendelea na jembe langu.

Nisalimie Penina, umwambie asihangaike na godoro, Mama hatalitaka. Nisalimie Elieza, na huyo mwenye jina la bibi yake. Mushumbusi amekataa kukusalimu, lakini ameniuliza kama ufukoni huko kuna kuni, kwa hiyo nadhani atalainika tukifika. Theopista anakusalimu sana, yeye hajui kitu. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana, na akurudishie moyo ule tuliokupeleka nao Kampala.

Mimi dada yako nikupendaye hata leo nilivyo na hasira,
Kokubanza

Nilikuwa nafunga bahasha, Mama akanishika mkono. Anataka neno lake liingie. Amelisema kwa Kihaya, nami nalifasiri kama lilivyo: "Mwambie mwanangu nguo imenitosha, haikubaki hata kipande. Miaka tisa hajaniona, na kipimo changu hakukisahau."