Alipanda Gari

Mbarara, Jumapili, Julai 1988

Neno moja tu, na karibu liniue.

Siku nne nimewaongoza wageni watatu kwa baiskeli kutoka hapa hadi Nakivale, na leo tumemaliza kwa mashindano ya kupanda mlima wa Ngarama. Wawili walinifuata hadi kileleni. Helga, aliyetuzidi sote umri, hakutokea.

Nikateremka kumtafuta. Njiani nikamuuliza mfugaji mmoja kutoka kijiji cha Masha.

"Ile mama ya kizungu? Alipanda gari, akaenda."

Miaka ile mibaya, aliyepandishwa gari na askari hatukumwona tena.

"Gari ya nani, ssebo?"

"Yake. Ile ya kukanyaga." Akazungusha mikono kama pedali.

Egaari. Kwa Kinyankore ni baiskeli. Miaka kumi nazitengeneza hapa sokoni, na leo nikasahau.

Nilipopanda tena, Helga alikuwa juu ameketi anakunywa maziwa. Kumbe alipita njia ya ng'ombe. Akaniuliza mbona mimi, kiongozi, ndiye wa mwisho.

Nikasingizia mnyororo, nikainama kuushika ili asinione machozi.