Gari Lililofuata Msafara

4 Machi

Kwa mwanangu Bobini,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo, nao ni wa umri. Asante kwa mahema na mashada uliyoleta tulipomzika mama yako. Watu walishiba, wakasifu. Lakini ulikaa kidogo mno, na walinzi walisimama kati yetu hata sikuona kama ulilia.

Njoo siku ya kawaida. Cherehani yangu bado ipo dirishani, na stuli aliyokalia mama yako akitia vifungo iko kando yake. Sijaruhusu mtu aikalie.

Baba yako

19 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa. Vikao vya bunge vimenibana, kutoka ni kwa ruhusa. Nimekuombea kadi ya matibabu. Sisi wabunge tunaruhusiwa kuwapeleka wazazi nje ya nchi, wakalala chumba cha peke yao.

Kuna jambo linanikosesha raha. Siku mama alipofariki nilikuwa huko huko jimboni, nikifungua soko. Kwa nini hakupelekwa hospitali?

Mwanao

2 Mei

Bobini mwanangu,

Marahaba. Nilinuia nisikwambie, lakini umeuliza.

Alipozidiwa asubuhi nilikimbia zahanati kuomba gari la wagonjwa. Nesi akasema limekwenda kufuata msafara wako, ndiyo kanuni, mheshimiwa hatembei bila hilo nyuma yake. Nikarudi kumweleza mama yako. Akacheka kwa tabu. "Basi liacheni liende naye. Tangu mdogo hakosi kujikwaa."

Alasiri tukasikia ving'ora. Akaniambia nimfunge kitambaa kichwani. "Huyo anakuja."

Nilitoka nikasimama kando ya barabara, nikapunga mikono yote miwili msimame. Mlidhani nashangilia. Kioo kimoja kikashuka, mkono ukanipungia. Niliujua, shati nilishona mimi. La wagonjwa lilipita mwisho, halina mtu ndani.

Kabla jua halijazama alikuwa ameondoka, na kitambaa chake kichwani.

Kadi mpe mwenye shida nayo. Gari liache zahanati.

Baba yako

11 Septemba

Mwanangu Bobini,

Hujambo huko? Mimi naendelea. Barua yangu ya Mei hukuijibu, nami sikutaka kukusukuma.

Juzi dereva alilirudisha gari zahanati. Anasema ulisimama bungeni ukataka misafara yenu iende bila magari ya wagonjwa, wenzako wakakuzomea, nawe hukukaa chini. Jana lilimbeba mke wa muuza mkaa, amejifungua salama. Mama yako angetamba mtaa mzima, asingeniacha nishone.

Lakini mwanangu, sikuwa nalingoja gari, nilikuwa nakungoja wewe. Wala sikulaumu. Ulinipungia kwa furaha, niliiona hata kwa mkono tu.

Sasa king'ora kikilia najua ni mgonjwa anapelekwa. Hata hivyo naiacha nguo kwenye cherehani, natoka nje kutazama. Nikirudi naifuta stuli vumbi, naendelea na kazi.

Naomba unikumbuke.

Baba yako