Daktari wa Siku ya Ziara

Jumatatu, 5 Mei
Njegere tena. Tangu asubuhi nimeinama shambani na mama, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Redioni mkubwa mmoja anasema madaktari vijana hawataki kufanya kazi vijijini. Mimi si niko hapa, mheshimiwa? Kilolo, kijijini, matope mpaka magotini, shahada ya udaktari imo ndani ya begi chini ya kitanda. Nimeomba kazi mpaka nimechoka kuomba. Nimeizima redio. Mama akaiwasha.

Jumatano, 7 Mei
Nimempeleka wifi Neema kliniki. Ni mke wa kaka yangu, mimba yake imeshakuwa kubwa, na mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Huyu wa pili asijaribu kumzalia hapa. Kovu la zamani linaweza kuachia. Nimemwambia wiki za mwisho ahamie Iringa mjini, akasubirie karibu na hospitali. Amekubali, shingo upande.

Kituo chetu cha afya kina jengo la upasuaji. Zuri, lina vigae. Kitanda bado kimo ndani ya nailoni yake. Daktari wa kupasua hakuna. Mtaalamu wa usingizi hakuna. Mganga mfawidhi, Bwana Kikoti, anahangaika na wauguzi wawili. Kujenga tunajua, maana jengo lina utepe wa kukata. Mshahara wa mtu hauna utepe, kwa hiyo haumpendezi mtu. Wagonjwa hawana daktari, madaktari hawana kazi, na wenye uwezo wa kutukutanisha wako semina.

Ijumaa, 9 Mei
Ambakisye amepiga simu kutoka Mbeya. Tulisoma darasa moja la udaktari. Sasa anauza kava za simu Iyunga, pembeni ya barabara kuu, na wateja wanamwita dokta kwa utani. Anasema niachane na ndoto, nijiajiri. Nijiajiri upasuaji? Nitandike mkeka sokoni, nipange visu? Nimemtukana vibaya. Halafu nikaona aibu, lakini sikumpigia tena.

Jumatatu, 12 Mei
Kuna ziara. Mkubwa kutoka juu atapita Alhamisi. Kikoti hakunifuata mimi, alimfuata mama. Mjanja. Anataka nivae koti jeupe nisimame kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, siku moja tu. Mashuka yataazimwa kwa masista. Wauguzi wataazimwa zahanati ya jirani, mtaalamu wa usingizi ataazimwa wilayani. Kila ziara iko hivyo. Hakuna anayeona kwamba ni uongo. Wanaona ni kufagia uwanja kabla mgeni hajaingia.

Nimekataa. Mama akanijia juu.

“Mgeni unamwonyesha choo kabla ya sebule? Acha kutuaibisha, mwanangu. Akikuona si ndo atakupa kazi?”

Kikoti naye anaamini hivyo. Na mimi, kidogo. Nimepiga koti pasi.

Alhamisi, 15 Mei
Nilikuwa nimejiapiza. Akinifikia nitasema: mheshimiwa, mimi sijaajiriwa, hapa hakuna daktari. Basi, sentensi moja.

Alinifikia. Akanishika mkono, akawageukia watu. “Mnaona? Daktari mnaye! Msiseme hatujawaletea.” Vigelegele. Aliyeanza ni mama yangu. Wifi alikuwa mbele kabisa na tumbo lake, anacheka kwa furaha. Mimi nikasema, “Ahsante, mheshimiwa.” Halafu nikapiga makofi na wenzangu.

Najichukia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mgeni amekuja, amekunywa soda, ameondoka. Mtaalamu wa usingizi amerudishwa wilayani mchana huohuo. Mashuka nayo.

Jumatano, 21 Mei
Kikoti alikwenda kwenye kikao wilayani. Amerudi hanitazami usoni. Madaktari wapya wamepangiwa vituo. Sisi hatumo. Kituo chetu kinaye daktari tayari, mkubwa alimwona kwa macho yake. Kikoti alijaribu kueleza, wakamuuliza: kwa hiyo ulimdanganya mheshimiwa? Akakaa chini.

Nafasi pekee ya hapa nimeikalia mimi, bila ajira na bila mshahara. Hiyo ndiyo akili ya nchi hii, na mimi nimeisaidia.

Nimemfokea Kikoti mbele ya wagonjwa. Mtu wa umri wa baba yangu. Akasema taratibu, “Dokta, siku ile na wewe ungesema.” Kweli tupu. Ndiyo maana nilizidisha sauti.

Jumamosi, 24 Mei
Wifi hahamii Iringa. Alishafunga mzigo, sasa ameufungua.

“Wifi, nikafuate nini mjini? We si upo? Mkubwa si alikushika mkono mbele ya watu wote?”

Nimemweleza. Sina mtu wa usingizi. Hakuna damu. Sina ruhusa hata ya kuingia mle ndani. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza visingizio vya ndugu mvivu. Kaka anasema njegere zitaozea shambani akiondoka mkewe. Mama anasema shule imenipa kiburi, ndiyo maana sitaki kuwahudumia wa kwetu.

Nimewaambia ilikuwa maigizo. Wote, jikoni, nimewaambia. Kaka alicheka. Ukweli umefika umechelewa, na hakuna aliyeupa kiti.

Ijumaa, 30 Mei
Uchungu umemwanza wifi asubuhi, kabla ya siku zake. Kaka hakutafuta gari. Alimleta kituoni moja kwa moja, kwangu. Nilifika mbio kutoka shambani, nikawakuta wananisubiri, wametulia kabisa. Daktari amekuja.

Nilimpima. Nikaanza kupiga kelele litafutwe gari. Gari la wagonjwa liko gereji mjini. Kikoti alisimama katikati ya barabara mpaka lori la viazi likasimama. Tulipanda nyuma, juu ya magunia, nimeshika dripu kwa mkono. Njia mbovu. Kila shimo wifi alinikamata goti.

Kabla ya kufika lami, uchungu ulikata ghafla. Wifi alidhani amepata nafuu. Akafumba macho, akanishukuru. Mimi nilijua maana yake. Nikaendelea kumwambia tunakaribia, huku nikiwachukia wote waliopiga makofi siku ile.

Jumamosi, 31 Mei. Iringa
Walimpasua jana. Kovu lilikuwa limeachia, mfuko wa uzazi umechanika. Wameutoa. Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa ameshafariki. Wifi amepona.

Daktari aliyempasua alikuwa peke yake zamu nzima, macho mekundu, bado ana foleni ya kinamama. Akaniuliza kwa hasira, na alikuwa na haki, kwa nini tumechelewa hivi wakati kaka amemwambia huko kwetu kuna daktari.

“Hakuna,” nikasema.

Imetoka kirahisi tu. Haikunichukua hata pumzi moja.

Jumatatu, 2 Juni
Wodini kuna baridi. Kaka na mama wamerudi Kilolo kumzika mtoto. Nimebaki mimi na wifi. Nimemfuta mwili kwa maji ya moto, nimebadilisha shuka, nimemshikia kikombe cha uji. Nilijiandaa kwa matusi. Ningeyapokea.

Hajauliza kitu kuhusu kituo. Hajauliza kama atazaa tena, nadhani ameshaambiwa. Mchana kutwa ameangalia dirisha. Jioni akanigeukia.

“Wifi, umekula?”

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.