Ulikuja Kwetu Mikono Mitupu

Mpendwa Padri wangu,

Hii barua nasema kwa mdomo, binti yangu Salome anaandika. Wewe unajua mimi shule niliiona kwa nje tu. Lakini Jumapili itasomwa kanisani hapa Wenje kwa misa yako ya kumbukumbu, na wote wataona nani alikujua zaidi. Ni mimi. Wengine wanajaribu.

Unakumbuka siku ulipofika? Ulishuka kwenye mtumbwi wangu na begi moja na viatu vimejaa tope. Nikamwambia mke wangu, "Padri gani huyu, hana gari, hana hata baiskeli? Huyu wamemfukuza kwao Kongo." Tukangoja utugawie kitu. Wewe ukaomba maji ya kunywa. Kisha ukaomba mahali pa kulala. Kesho yake ukaomba nikufundishe Kipokomo na kupiga kasia. Nikakuuliza, "We Padri, mbona kuomba-omba hivi? Wenzako wakija wanaleta."

Ukacheka kile kicheko chako cha tumbo. Ukasema mzee aliyeanzisha shirika lenu aliwaachia neno hilo: mmisionari akifika kwa watu, aombe kwanza. "Anayetoa kwanza anakuwa bosi," ukaniambia. "Anayeomba kwanza anakuwa ndugu. Yesu mwenyewe alimwomba mama Msamaria maji."

Mimi nikaona ni ujanja wa kula bure. Na ulikula, Padri! Wali wangu, ndizi zangu, samaki wangu. Lakini kila nyumba uliyoomba, watu walikuita mtoto wao.

Kasia nilikufundisha mimi, mpigaji kasia hodari kuliko wote toka Hola mpaka Garsen. Siku ulipoanguka majini nilikutoa mdomoni kwa mamba. Salome hapa anasema lilikuwa gogo. Salome hakuwepo. Gogo halina meno.

Sasa nifike kwa lile linaloniuma.

Unakumbuka nilipopanda migomba kwenye malka, ile njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni wakati wa kiangazi, pembeni ya shamba langu? Nilijua si yangu. Mvua ilikuwa nzuri, ng'ombe wako mbali, nikasema nani atauliza. Wewe uliona, hukunigombeza. Ulinishika mkono tu, tukatembea juani mpaka boma la Guyo, mwenye ng'ombe. Mlangoni ukaninong'oneza, "Ingia, umwombe maziwa."

"Mimi? Nimwombe yule? Heri nimwombe mamba!"

Nikageuka. Ukanifuata. Mwezi ule ule wakakuhamisha. Halafu juzi tukasikia umefariki huko kwenu. Ukaenda ukijua nilikataa.

Sikia basi yaliyotokea kiangazi hiki. Guyo alikuja na ng'ombe wake, mbavu unazihesabu kwa mbali. Wamesimama mbele ya migomba yangu, wananusa mto, hawapiti. Mimi nimeshika panga. Nyuma yangu vijana wetu na mapanga yao, nyuma yake vijana wake na fimbo. Kila mtu anangoja mdomo wangu, huu mdomo mkubwa. Nikatafuta neno langu, Padri. Nikakuta lako tu.

Nikasema, "Guyo, naomba maziwa."

Aliniangalia kama mwehu. "Mzee, jua limekupiga? Ng'ombe hawana maji, maziwa nikamue kwenye fimbo?"

Mtu akacheka. Sijui wa upande gani. Wakacheka wengine. Nikageukia migomba yangu nikaikata mmoja mmoja, na ilikuwa na mikungu, usifikiri ilikuwa rahisi. Guyo akaja akashika panga la kijana wetu mmoja, akakata na yeye. Anakata vibaya sana, Muorma hajui mgomba. Ng'ombe wakashuka wakanywa mpaka nikadhani Tana itakauka.

Siku ya tatu akaja nyumbani na kibuyu. Maziwa hayakufika nusu. "Ni ya wote wenye ng'ombe, kila mmoja ametoa kidogo," akasema. Yananuka moshi kama wanavyoyatengeneza wao. Nikanywa mbele yake, nikampa mke wangu, naye akanywa.

Ningekuwa na mtumbwi wa kufika uliko, ningekuja kukuambia mwenyewe. Sina, kwa hiyo Salome anaandika, na wewe usikie: nilichelewa, lakini nilimwomba.

Pumzika, Padri. Guyo nimemwambia neno lile la maziwa lilikuwa lako. Yeye ni Mwislamu, lakini Jumapili amesema atakuja kukaa nje ya kanisa, chini ya dirisha, asikie jina lako likitajwa. Nimemwambia aje mapema, nitamwekea kiti.

Ndimi ndugu yako mbishi,
wa hapa hapa Wenje