Rangi ya Kucha Kwenye Mota Yangu

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana nimekonda na mume wangu anadhani ni kazi. Mimi ni dobi, nafua mashuka ya nyumba za wageni na kuyapeleka kwa baiskeli ya umeme, niliyoinunua siku moja na rafiki yangu Mama Pacha anayesambaza mayai, kila mtu yake, duka moja, aina moja, mpaka rangi moja. Mambo yalikuwa mazuri hadi mota yangu ilipoanza kusaga kama inatafuna mchanga, nikaenda dukani nikakuta wanauza magodoro, nikapiga simu kwenye kampuni nikaambiwa, "Mota hiyo hatutengenezi tena, mama, na vipuri vyake hatuna," nikazunguka kwa mafundi wote, kila mmoja ananiambia mota nyingine haiingii kwa sababu fremu ilitengenezwa kwa ajili ya ile ile tu. Nikawa nabeba mashuka kichwani.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye naye ni fundi, akaniambia, "Shemeji, niachie mimi, nitaitafuta hata chini ya ardhi." Shangazi, wiki hiyo hiyo baiskeli ya Mama Pacha ikaibwa nje ya zahanati akiwa amempeleka mtoto. Siku chache baadaye shemeji akaja na mota nzima, kaipakata kama kichanga, anasema kaipata kwa msafiri. Tukashangilia, akaifunga, nikampikia. Kesho yake nikiwa naifuta vumbi nikaona wekundu kwenye kichwa cha skrubu, nikaukwaruza: rangi ya kucha. Mama Pacha hamwamini fundi yeyote, alizipaka skrubu zake zote rangi ya kucha ili ajue kama kuna aliyezigusa, na aliyemshikia kichupa ni mimi.

Nikamuuliza shemeji, akacheka, "Hiyo ni alama ya kiwandani." Nikamuuliza huyo msafiri anaitwa nani, akageuka na kuanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi. Mume wangu akafoka, "Unataka kumfunga ndugu yangu kwa rangi ya kucha?" Tangu hapo wakinong'ona jikoni najua wananisema mimi, na mume wangu mwenyewe namshuku kwamba anajua. Mama Pacha sasa anatembea na trei za mayai mikononi, jana akaniomba, "Mwambie shemeji yako aniangalizie na mimi," nikashindwa kumtazama. Nimenunua dawa ya kutolea rangi ya kucha, nimeificha kwenye ndoo ya sabuni. Labda nakosea, Shangazi, rangi nyekundu ziko kila mahali. Nifute nikae kimya, au niseme nivunje familia?

Dobi Asiye na Raha

*

Dobi, pole kwa mota. Kampuni zinazouza kitu leo na kukikana kesho zimewatesa wengi. Pole yangu inaishia hapo. Mtu anayedhani anakosea hanunui dawa ya kufutia. Unajua, ila unatafuta wa kukuambia kwamba hujui.

Sasa nisikilize. Usiifute rangi, usiifungue mota, usiipande baiskeli. Usimvamie shemeji peke yako, mota ikitoweka utabaki na maneno matupu. Mwite Mama Pacha aione kwa macho yake kabla hujamwambia unachofikiri. Akisema ni yake, mwambie mumeo mbele ya rafiki yako, kisha shemeji apewe nafasi moja ya kumtaja aliyempa, maana huenda na yeye aliuziwa cha wizi. Wapo mafundi wasiopenda kuuliza. Akimtaja, nendeni naye polisi. Asipomtaja, nendeni bila yeye. Mumeo akifoka, mwache afoke. Anayeuliza siye anayevunja familia.

Na mota yako ya zamani iko wapi? Mbona hujaitaja? Kama shemeji kaichukua, idai. Kusaga kule mara nyingi ni gia ya plastiki ya ndani imelika. Mpelekee fundi wa kukereza vyuma akutengenezee kama hiyo. Watafuteni wenye baiskeli kama zenu, mnunue zilizokufa, hadharani na kwa risiti, mgawane vipuri. Ikishindikana, nunua aina ambayo vipuri vyake viko kwa mafundi zaidi ya mmoja, hata kama haing'ai.

Lakini hayo ni ya baadaye. Rafiki yako anakuomba umtafutie mota, na mota iko uani kwako. Kila siku unayokaa kimya, shemeji anapata mwenzake wa wizi. Weka gazeti chini, uende ukamwite.