Cherehani ya Barazani

Jumanne, 12 Januari 1954. Asubuhi mawingu mazito upande wa Tororo, lakini mvua haikunyesha.

Na alikuja amevaa shati nililomshonea mimi! Baba mdogo, kutoka Iyolwa, kutuambia kwamba kinachonifaa ni chuo cha ualimu.

Nikasema nataka kushona nguo. Mzee Salimu wa hapa Busia amekubali kunipa cherehani moja kwenye baraza la duka lake. Baba mdogo akacheka.

"Barazani wanakaa mafundi wanaume. Wewe ukae pale, kila mpita njia akutazame miguu ikikanyaga?"

"Na hilo shati, Baba mdogo, limeshonwa na mwanamume gani?"

Mama aligeuka kuficha kicheko. Baba alisema nimekosa adabu, na Jumatatu atanipeleka chuoni mwenyewe.

Sichukii masomo. Kinachoniudhi ni kwamba wamenipangia maisha yangu nikiwa nimekaa palepale, wala hakuna aliyeniuliza kama napenda kufundisha. Naogopa pia. Nikishindwa kushona, chuo hakitaningoja.

Hata hivyo, kesho duka likifunguliwa nitakuwa barazani. Jumatatu Baba akitaka kunipeleka chuoni, itabidi aje kuninyanyua mbele ya wateja.

Nazima taa, saa sita kasorobo.